Sauti Iliyotangulia Sura: Kwa Nini Matsuda Seiko Hachuji

Kuna mwanafunzi wangu wa miaka kumi na tisa aliyeingia darasani na simu mkononi. "Mwalimu, hebu sikiliza huu wimbo mpya." Kwenye kioo alikuwa Hanni wa NewJeans, kundi la pop la Korea Kusini, ukumbi wa Tokyo Dome, Juni 2024, nywele fupi, fulana ya mistari ya buluu na nyeupe, na ukumbi mzima unapiga mayowe. Nikamwambia huo wimbo mpya ulitoka tarehe 1 Julai 1980. Akacheka, akidhani namtania. Kisha akapiga hesabu, akagundua mama yake alikuwa bado hajazaliwa.

Mwenye wimbo ni mwimbaji wa Japani, Matsuda Seiko. Nafundisha sauti, na nyimbo zake nimezisikiliza kikazi kwa miaka, tena kwa spika ya kazini, nikirudia sekunde nne nne. Wengi wanaoulizwa kwa nini zinaendelea kupendwa hujibu kwamba ni kumbukizi: waliokuwa vijana Japani miaka ya 80 wanaukumbuka ujana wao. Sikatai. Lakini huyu mwanafunzi wangu anakumbuka nini? Na Hanni, aliyezaliwa 2004?

Wajapani wana neno aidoru. Ni kijana anayetengenezwa na kampuni ili aimbe, acheze, atabasamu kwenye televisheni na apambe kalenda za ukutani. Mtaji wake ni sura, sauti ikiwepo ni nyongeza. Seiko alipitia mlango mwingine. Mwaka 1978 produza wa kampuni ya rekodi ya CBS Sony, Wakamatsu Muneo, alikuwa akipitia kaseti za washiriki wa shindano la kusaka vipaji. Msichana mmoja kutoka Kurume, mkoani Fukuoka, alikuwa ameshinda ngazi ya Kyushu, lakini baba yake akamkatalia kwenda fainali. Wakamatsu alikuwa na kanda tu, na kanda ikamtosha. Kazi ngumu ikawa kumshawishi mzee.

Haikuishia hapo. Wimbo wake wa kwanza, Aprili 1980, ulitumika kwenye tangazo la sabuni ya uso ya Shiseido iliyoitwa Ekubo, yaani dimpozi. Seiko alijaribiwa ili aonekane kwenye tangazo hilo, akakwama kwa sababu nyepesi kabisa: hana dimpozi. Akawekwa msichana mwingine mwenye nazo, Seiko akabaki kuwa sauti inayopita nyuma ya picha. Mimi naona hiyo ndiyo bahati yake kubwa. Nchi nzima ililisikia koo kabla ya kuona uso.

Sasa twende kwenye ule wa pili, *Aoi Sangoshō*, ndio aliouimba Hanni. Maana yake ni mwamba wa matumbawe wa buluu, ingawa *aoi* ya Kijapani ni neno pana linaloweza kumeza hata kijani. Mtunzi wa melodi ni Oda Yūichirō, maneno ni ya Miura Yoshiko, na mpangilio wa ala ni wa Ōmura Masaaki, jina ambalo nitalirudia. Nyimbo nyingi za pop hukupandisha ngazi: ubeti, kisha daraja, ndipo kiitikio. Huu unakuanzishia ghorofani. Ala zinakimbia kidogo, halafu kiitikio kinakupiga usoni, na neno lake la kwanza ni "aa". Irabu tupu, mdomo wazi, noti ya kuvutwa. Nao huu uliuza aiskrimu ya Glico kwenye televisheni, na tangazo halina muda wa kungoja ubeti wa kwanza umalizike.

Hebu tuliangalie hilo "aa" kwa karibu. Seiko haitui noti moja kwa moja. Anaingia kwa chini yake kidogo, kisha anaipandisha hadi mahali pake kwa haraka kiasi kwamba sikio linahisi tu kitu kimechanua. Wajapani huita *shakuri*, kuchota, na mashine zao za karaoke huihesabu zinapompa mwimbaji alama. Wanafunzi wangu wakimwiga huzidisha, wanasikika kama mtu anayeteleza kwenye matope. Kwake mchoto ni mfupi, tena hauji kila noti. Anauweka pale neno linapobeba hisia, kwingineko anaimba noti kavu, safi. Mwishoni mwa mstari anaiachia sauti igeuke pumzi badala ya kuikata. Jaribu kuvifanya hivyo viwili kwa mwendo kasi wa wimbo ule na utajua kama diaframu yako inafanya kazi.

Kwa sisi wa Kiswahili kuna zawadi ya ziada. Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, na silabi zake nyingi huishia na irabu kama zetu. Hata ile *n* inayosimama peke yake hupewa pigo lake, kama *m* ya "mtu" au *n* ya "nchi". Kwa hiyo *sangoshō* huimbwa sa-n-go-sho-o, mapigo matano, na mwanafunzi wangu aliyapata siku ileile bila kujua Kijapani. Uliza walimu wenzangu wanaofundisha Waingereza jinsi wanavyohangaika na hilo.

Lakini koo pekee lisingefika miaka arobaini na zaidi. Lilizungukwa na mafundi. Mwanzoni mwa miaka ya 70 kulikuwa na bendi iitwayo Happy End, vijana wanne waliong'ang'ania kuimba roki kwa Kijapani wakati wapo waliosema roki haiwezekani ila kwa Kiingereza. Bendi ikavunjika. Mpiga ngoma wake, Matsumoto Takashi, akageuka kuwa mwandishi wa maneno, na kuanzia 1981 ndiye aliyekuwa kalamu ya Seiko. Akawaita wenzake. Ōtaki Eiichi akamtungia *Kaze Tachinu* na upande mzima wa kwanza wa albamu ya jina hilo. Upande wa pili, sehemu kubwa ya mpangilio ni ya Suzuki Shigeru, mpiga gita wao. Hosono Haruomi, wa besi, akaleta *Tengoku no Kiss* na *Glass no Ringo*. Waasi wote wanne wakaishia kumtengenezea msichana wa kalenda. Wapo walioona wamejiuza. Mimi nikisikia jinsi chodi za Hosono zinavyohama katikati ya *Tengoku no Kiss* kama mtu anayebadilisha vyumba gizani, naona waliuendeleza uasi wao mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiwachunga.

Kuhusu zile singo 24 mfululizo zilizoshika namba moja kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki Japani, kuanzia 1980 hadi 1988, sina mengi. Namba moja nyingi za enzi ile leo hazisikilizwi na yeyote.

Ninachopenda zaidi ni jinsi udhaifu ulivyogeuzwa mtaji. Sikiliza sauti ya 1980, kisha ya 1982. Si ileile. Ratiba ya aidoru ilikuwa ya kuua, na koo likachoka. Ile nguvu ya kupasua ikapungua. Mwimbaji mwingine angelazimisha, na ningempata kliniki. Seiko alishusha, akaanza kuimba karibu na maikrofoni, utamu ukahamia kwenye mnong'ono. Kisha Januari 1982 ukaja *Akai Suītopī*, melodi imetungwa na "Kureta Karuho", jina linalochezea lile la mwigizaji Greta Garbo. Nyuma ya jina hilo alikuwa Matsutoya Yumi, nyota kamili kwa jina lake mwenyewe. Ubeti unatembea chini chini, karibu na sauti ya mazungumzo. Maneno ya Matsumoto ni ya msichana anayetaka apelekwe baharini kwa treni na mvulana ambaye, nusu mwaka sasa, hajathubutu hata kumshika mkono.  Mvulana anatupia jicho saa yake, msichana anahisi kama atalia, basi. Yaliyobaki unayajaza wewe, na kila anayesikiliza ana treni yake.

Kasoro zipo. Kazi za katikati ya miaka ya 80 zimejaa sinteza zinazolia kama vyombo vya plastiki, na ziko ambazo sizirudii. Lakini hata humo, albamu ya 1986 ina *Ruriiro no Chikyū*, wimbo ambao wakati ule haukutolewa kama singo na bado uliingia kwenye vitabu vya muziki vya shule, watoto wakauimba kwa kwaya.

Nimalizie na pengwini. Mwaka 1983 tangazo la bia ya Suntory lilionyesha pengwini wa katuni akiwa klabu ya usiku, mwingine akiimba jukwaani, polepole, kwa sauti nzito ya jazi, na sehemu ikiwa kwa Kiingereza. Jina la mwimbaji halikuwekwa. Watu wakaanza kuuliza huyu ni nani, hadi jina likaandikwa kwenye kioo: Matsuda Seiko. Wimbo ni *Sweet Memories*, mtunzi na mpangaji ni yule Ōmura Masaaki, na ulikuwa umefichwa upande wa pili wa santuri ya *Glass no Ringo*. Kwa miaka mitatu alikuwa kwenye televisheni karibu kila wiki, na watazamaji walipoondolewa sura wakashindwa kumtambua, lakini wakaitaka ile sauti.

Mwanafunzi wangu sasa anaufanyia mazoezi huo wa pengwini. Noti za chini bado anazisukuma. Nimemwambia azime simu, asitazame video yoyote, asikilize pale Seiko anapovuta pumzi kabla ya mstari wa kwanza, kisha avute naye.