Daktari aliyekosea na daktari aliyedanganya

Kila mwaka nawafundisha madaktari watarajiwa somo la maadili, na kila mwaka wapo wanaoniambia kwa uhakika kwamba daktari Andrew Wakefield alifutiwa usajili Uingereza kwa kuihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji. Sivyo. Jopo la Baraza la Madaktari la Uingereza lililomsikiliza lilisema wazi kwamba halikukaa kuamua kama uhusiano huo upo au haupo. Mtafiti anaweza kukosea kwa nia njema. Wakefield aliondolewa kwa jinsi alivyoifanya kazi yake na alivyoieleza.

Taarifa yake na wenzake ilitoka katika jarida la The Lancet Februari 1998, ikihusu watoto 12 tu. Ilisomeka kana kwamba watoto hao walifika hospitali kwa utaratibu wa kawaida. Jopo likabaini kuwa maelezo hayo hayakuwa ya kweli. Likabaini pia kwamba alipokea fedha kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na jarida hakuliambia.

Linaloniumiza zaidi ni jambo lililoonekana dogo. Kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe, alifanya watoto waalikwa watolewe damu kwa ajili ya utafiti na kumpa kila mmoja pauni 5. Baadaye alilisimulia jukwaani, watu wakacheka. Mtoto aliyekuja kula keki atatoaje ridhaa ya kuchomwa sindano? Daktari anayeliona hilo ni jambo la kuchekesha, mimi simkabidhi mgonjwa.

Shauri lilianza Julai 2007. Uamuzi juu ya ukweli wa tuhuma ulitolewa Januari 28, 2010. Siku chache baadaye The Lancet ikaiondoa makala, na Mei 24 jopo likaamua jina lake lifutwe. Wananchi hulalamika kwamba mabaraza yanajivuta, na mara nyingi wana haki. Lakini uamuzi usiopimwa vizuri nao una hatari yake: Profesa John Walker-Smith, aliyeadhibiwa pamoja naye, alikata rufaa, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi dhidi yake kwa sababu jopo halikupima ushahidi na kutoa sababu ipasavyo. Uamuzi wa kumnyang'anya mtu taaluma lazima usimame wenyewe.

Kwetu, anayelalamikia daktari Tanzania Bara huenda Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya wana baraza lao la madaktari na madaktari wa meno. Unapoandika malalamiko, tenganisha kosa na udanganyifu. Upasuaji unaweza kwenda vibaya mikononi mwa daktari hodari na mwaminifu. Lakini kutozwa fedha za kipimo ambacho hakikufanyika, faili kubadilishwa baada ya mgonjwa kufariki, au mtu kutibu kwa cheti cha kughushi, hayo ni mambo ya uaminifu. Yataje hivyo hivyo, bila kuyafunika kwa neno “uzembe”. Weka tarehe, jina la kituo, risiti na maneno uliyoambiwa. Kwa kawaida baraza hushughulika na leseni: onyo, masharti, kusimamishwa au kufutwa. Anayetaka fidia aonane na wakili mapema. Na nakala ya faili iombwe sasa, kabla barua ya malalamiko haijafika hospitali.