"Nitafika Mpaka Mahakama ya Juu": Wanayoyadhani Wafanyabiashara na Yaliyo Kweli

Mfanyabiashara wa Kenya akishindwa katika Mahakama ya Rufaa, hayo ndiyo maneno ya kwanza kumtoka. Wengi huichukulia Mahakama ya Juu kama raundi ya mwisho ya ndondi: umeangushwa, unanyanyuka, unarusha ngumi tena. Mahakama hiyo haikuundwa kwa kazi hiyo.

Dhana: Kesi ya mamilioni haiwezi kukataliwa

Hukataliwa, na mara nyingi. Kifungu cha 163(4) cha Katiba ya 2010 kina njia mbili tu za kufika huko. Ya kwanza ni kesi inayohusu ufafanuzi au utekelezaji wa Katiba. Hapo rufaa ni haki yako. Lakini suala hilo la Katiba liwe lilibishaniwa tangu mahakama za chini. Huwezi kulichomeka dakika za mwisho, kama mahakama ilivyoeleza mwaka 2012 katika kesi ya Lawrence Nduttu dhidi ya Kenya Breweries.

Njia ya pili ni kuthibitishiwa kwamba kesi ina jambo lenye umuhimu kwa umma kwa jumla. Migogoro ya mikataba, dhamana za mikopo na kamisheni kwa kawaida hutegemea njia hii, na ndipo inapokwama. Mwaka 2013, katika kesi ya Hermanus Steyn dhidi ya Giovanni Gnecchi-Ruscone, majaji waliweka kipimo: swali la kisheria livuke mipaka ya wagombanao wawili. Kuhofia tu kwamba hukutendewa haki hakutoshi. Kubishania upya nani alisaini nini na lini hakutoshi pia. Milioni zako ni nyingi kwako. Mahakama inataka kujua jibu lake litamfaa nini mtu asiyekujua kabisa.

Na ombi hilo, kwa bahati mbaya ya wenye hasira, huanzia Mahakama ya Rufaa, ile ile iliyokushinda. Ikikataa, ndipo unaiomba Mahakama ya Juu iutazame upya uamuzi huo.

Dhana: Ukishinda huko, pesa zimerudi

Kampuni ya Nyutu Agrovet ilipewa tuzo, yaani uamuzi kwamba ilipwe, ya zaidi ya shilingi milioni 500 na msuluhishi, mtu anayeamua migogoro nje ya mahakama, katika mgogoro wake na Airtel. Mahakama Kuu, iliyo chini ya Mahakama ya Rufaa, ikaitupa tuzo hiyo. Nyutu ilipokwenda Mahakama ya Rufaa ikaambiwa sheria ya usuluhishi haitoi nafasi ya kukata rufaa. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikasema nafasi ipo, ingawa ni finyu, kwa hali za kipekee. Huo ukahesabiwa ushindi mkubwa. Ila pesa hazikuamuliwa: kesi ilirudishwa Mahakama ya Rufaa ikasikilizwe. Miaka yote ile ilikuwa ya kubishania mlango.

Dhana: Si kesi yangu, hainihusu

Hapa ndipo kampuni nyingi huumia, kwa maoni yangu kuliko penginepo. Chini ya Kifungu cha 163(7), uamuzi wa Mahakama ya Juu huzifunga mahakama nyingine zote. Kesi ya mtu mwingine inaweza kuimaliza yako kabla hata haijaanza kusikilizwa.

Aprili 2023 iliamuliwa rufaa ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali. Dina ilikuwa imekinunua kwa kampuni iliyokuwa na hati ya umiliki. Mahakama ikasema kwamba kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria pale mwanzo, hati haimkingi hata aliyeinunua baadaye kwa pesa zake. Fikiria ni kampuni ngapi zilizoweka hati kama hizo kuwa dhamana benki.

Mwaka uliofuata ikaja kesi ya benki ya Stanbic dhidi ya kampuni ya Santowels. Mahakama ikashikilia kwamba benki haiwezi kupandisha viwango vya riba bila idhini ya Waziri wa Fedha chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki. Waliokuwa pande za kesi ni wawili tu. Waliohesabu upya mikopo yao jioni ile, au waliopaswa kuhesabu, ni wengi zaidi.

Kwa hiyo kampuni yenye kesi chini huko ingefaa ifuatilie orodha ya kesi zinazosubiri juu. Swali likiwa moja, wakili anaweza kuomba kesi yenu isubiri uamuzi, au mjiunge na rufaa hiyo kama wenye maslahi. Kujiunga si haki ya moja kwa moja. Lazima muonyeshe mtaguswa vipi, tena waziwazi.

Dhana: Rufaa ikishawasilishwa, madalali hawagusi mali

Wanagusa. Rufaa peke yake haisitishi chochote. Ili upate amri ya kusimamisha hukumu, kesi ya Gatirau Munya ya 2014 inataka uonyeshe mambo matatu: rufaa yako ina hoja, amri isipotolewa rufaa itabaki bure hata ukishinda, na maslahi ya umma yanaunga mkono ombi lako. Hilo la tatu mawakili wa biashara hulisahau.

Amri ikitolewa nayo huwa na uzito. Sheria ya Fedha ya 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa tarehe 31 Julai 2024. Tarehe 20 Agosti Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 29 Oktoba ikautengua. Aliyekuwa ameshabadilisha hesabu zake za kodi mwanzoni mwa Agosti alikuwa na kazi ya kuzirudisha.

Dhana: Muda tutaomba

Ilani ya rufaa, yaani taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa, ina siku 14 tangu hukumu. Kuongezewa muda ni hiari ya mahakama, si haki, na kila siku uliyochelewa utaulizwa ilikwenda wapi.