Fonti ya Bango: Herufi Nene Zenye Vikia na Nakshi

Kadi ya harusi ya dadangu ilipotoka kwa mchapaji, ami aliigeuza kwenye mwanga, akaisogeza mbali na macho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hapa pasema saa tatu ama saa tano?" Sikuweza kumjibu upesi. Kadi nzima, kuanzia majina ya maarusi hadi nambari ya simu, ilikuwa imepangwa kwa fonti moja nene yenye madoido. Mistari ya chini ilikuwa ya pointi 9, kipimo cha herufi ndogo kabisa kwa kadi, na wino ulikuwa umeziba matundu ya a na o. Tatu na tano zilikuwa vibonge vyeusi tu.

Fonti yenyewe haikuwa na kosa. Ni fonti ya bango, nayo ilibebeshwa mzigo usio wake.

Fonti ya bango ni herufi zilizochorwa ili zitazamwe zikiwa kubwa na kwa maneno machache: kibao cha duka, kichwa cha gazeti, jalada la kitabu, ubavu wa matatu. Mwenzake ni fonti ya matini, ile unayosomea aya baada ya aya bila hata kuitambua. Tazama nyumba za zamani za Mji wa Kale, Mombasa. Fundi aliweka nakshi zake kwenye mlango mkuu wa mbele, wala hakujisumbua hivyo na mlango wa jikoni.

Ninayoizungumzia hapa ni ile yenye serifu, yaani vile vikia vidogo vinavyotokeza mwisho wa mistari ya herufi. Kwenye riwaya vikia hivyo huwa vyembamba, huvioni. Kwenye bango huvimba: vingine hukatwa bapa kama tofali, vingine huchongoka, vingine huviringana. Cooper Black, fonti aliyoichora Oswald Cooper wa Chicago na iliyotolewa mwaka 1922, ni ya vikia hivyo vya mwisho. Kila herufi imeumuka kama hamri, ncha kali hupati hata moja.

Unene nao una hesabu yake. Wapo wanaobonyeza kitufe cha kukoza kwenye kompyuta wakadhani kazi imekwisha. Mchoraji anaponenepesha mstari uliosimama, weupe wa ndani ya herufi hupungua. Basi humbidi aipanue herufi, au mistari iliyolala aiache myembamba kama uzi. Njia hii ya uzi ndiyo waliyoishika wachapaji wa London mwanzoni mwa karne ya 19, walipotaka matangazo ya bahati nasibu yaonekane kutoka ng'ambo ya barabara. Inapendeza ikiwa kubwa. Ikipunguzwa, nyuzi zile hupotea na kubaki vigogo tu. Shida nyingine siku hizo ilikuwa uzito, maana herufi kubwa za madini ya risasi zilikuwa nzito na ghali. Mwaka 1828 Darius Wells wa New York alitoa katalogi ya herufi za mbao zilizochongwa kwa mashine, na mabango yakawa rahisi kuchapa.

Nakshi ni ziada tu: mstari mweupe uliopita katikati ya unene, kivuli upande mmoja, mkia wa R uliopinda hadi chini ya jirani yake.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa fonti hawalifikirii. Matangazo yao hujivunia Q yenye mkia wa tausi, na Kiswahili sanifu hakina haja ya Q wala X. Sisi tunaishi kwa a. Maneno yetu karibu yote huishia irabu, kwa hiyo lile doido la mwisho wa neno nalo huangukia irabu. Kabla ya kuinunua fonti, iandikie "samaki wa kupaka" uone hizo a tano zikikaa pamoja. Ikiwa a moja ina mbwembwe, tano zitakuwa ngoma. Halafu andika "ng'ombe". Fonti nyingine za mapambo hazina ritifaa, kile kialama cha juu cha ng', na kompyuta huiazima kwenye fonti nyingine, nyembamba, ikaning'inia pale kama mbu.

Nafasi baina ya herufi ni mtihani mwingine. W, A na V zina ubavu ulioinama, hivyo zisiposogezwa kwa mkono, kibao cha WAVUVI hukaribia kusomeka W A VUVI. Kwenye karatasi pengo hilo hulioni. Kwenye kibao cha futi nane, linakukodolea macho kila asubuhi.

Kwa maoni yangu fonti hii ina mahali pamoja tu: jina. Jina la duka, la mkahawa, la tuktuk. Bei, anwani na saa za kufungua viandikwe kwa fonti tulivu, wala usiweke fonti mbili za nakshi kwenye kibao kimoja, zitagombana.

Kadi ya dadangu tuliichapisha upya. Majina ya maarusi yalibaki na fonti ileile kwa pointi 48, mengine yote tukayaweka kwa serifu ya kawaida, pointi 12. Safari hii ami aliisoma saa bila miwani. Kisha akauliza zile kadi za kwanza ziligharimu kiasi gani, nami nikajifanya nimeitwa jikoni.