Milima Iliyochorwa kwa Chaki

Kengele imefungwa ukingoni kabisa mwa genge. Sista anavuta kamba kwa mikono miwili, na kamera inamtazama kutoka juu: chini ya miguu yake kuna bonde tu, na miti iliyo midogo kama nyasi. Mara ya kwanza kuiona picha hiyo nilijikuta nimeshikilia kiti. Mara ya pili niliisimamisha, nikaanza kutafuta mshono, pale kilicho halisi kinapokutana na cha kuchorwa.

Mshono upo, ila una siri kubwa. Filamu ni Black Narcissus ya mwaka 1947, kazi ya Michael Powell na Emeric Pressburger. Masista wa Kianglikana wanatumwa kufungua shule na zahanati katika kasri kuukuu huko Himalaya. Watengeneza filamu wenyewe hawakufika Himalaya. Kasri lilijengwa Pinewood, studio iliyo nje kidogo ya London, na picha za vichaka na maua zilipigwa Leonardslee, bustani moja ya Sussex iliyojaa mimea ya Asia. Powell aliona kwamba akienda India kuleta vipande vya milima ya kweli, kisha avichanganye na vya studio, vingekataa kushikana. Afadhali kila kitu kitoke mkono mmoja.

Namwelewa sana. Kazi yangu ni kusawazisha rangi za filamu, na karibu kila mwezi naletewa picha zilizopigwa saa saba mchana, jua la utosi, mwenye nazo akitaka zionekane kama magharibi imeingia. "Wewe utarekebisha tu." Mwaka 1947 neno hilo halikuwepo. Rangi ilipatikana siku ile ile, mbele ya kamera, au ilikosekana.

Sababu ni kamera yenyewe. Ile ya Technicolor, kampuni ya filamu za rangi, ilipitisha mikanda mitatu kwa pamoja, na yote mitatu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Nyuma ya lenzi kulikuwa na kioo cha kugawa mwanga: mkanda mmoja ulipokea kijani, na mingine miwili, iliyobanwa uso kwa uso, ikapokea nyekundu na buluu. Maabara ndiyo iliyorudisha rangi, kwa kugonga wino wa njano, wa samawati na wa majenta juu ya mkanda mmoja, mfano wa mtu anayechapa kanga, rangi moja baada ya nyingine. Mwanga ukishagawanywa hivyo, kila mkanda hubaki na kidogo. Kwa hiyo studio iliwashwa taa kubwa za kaboni, joto lake si la mchezo. Kamera hazikuuzwa: ulizikodi pamoja na mafundi wa kampuni na mshauri wao wa rangi, ambao walipenda kila kitu kionekane wazi, kivuli kisizidi.

Mpiga picha Jack Cardiff ndiye aliyekataa uwazi huo. Technicolor walipokuwa wakitafuta kijana wa kumfundisha, mwaka 1936, yeye aliwaambia kwamba hesabu za ufundi hazimo kichwani mwake, akazungumza habari za wachoraji. Wakamchukua. Katika Black Narcissus alikuwa akimfikiria Vermeer, mchoraji wa Kiholanzi: mwanga unatoka upande mmoja, unajulikana unakotoka, na kivuli kinaachwa kiwe kivuli.

Na milima? Alfred Junge, msanifu wa seti, alikuza picha za nyeusi na nyeupe hadi zikawa mapazia makubwa, kisha wachoraji wakazipaka chaki za rangi kwa mkono. Theluji ile yenye uwaridi wa alfajiri ni chaki. Mabonde yalichorwa na Percy Day na wasaidizi wake. Kanuni ya ufundi huo ni hii: sehemu ya fremu inazibwa ili mkanda usipate mwanga hapo, halafu mchoro unapigwa picha na kujazwa katika nafasi iliyobaki. Sista wa kengele alikuwa karibu na ardhi ya Pinewood.

Tazama pia mavazi. Kwa muda mrefu kanzu za masista ni rangi ya maziwa, kuta zimepauka, macho yako yanazoea ukavu huo. Halafu usiku mmoja Sista Ruth (Kathleen Byron) anavua utawa, anavaa gauni jekundu, anakaa mbele ya mkuu wake na kujipaka rangi ya mdomo, taratibu, mshumaa ukiwaka. Wekundu ule ungekuwepo tangu mwanzo, tungeupita bila salamu.

Sitaficha linaloniudhi: Jean Simmons, Mwingereza, amepakwa weusi ili awe msichana wa huko. Ustadi wote ule wa rangi, na hapo wakakosa macho.

Cardiff na Junge wote wawili walipata Oscar. Mwaka 1951 Cardiff aliibeba kamera ya aina hiyo hadi Kongo na Uganda kupiga The African Queen, akaijua Afrika kwa homa na tumbo, maana maji machafu yaliwaangusha karibu wote.

Lakini ninaporudi kwake narudia dakika za mwisho za Black Narcissus. Masista wanashuka mlimani, wameshindwa. Tone moja linaangukia jani pana, kisha la pili, kisha mvua inafunguka. Kulikuwa na onyesho jingine baada ya hapo, mjini Calcutta, na lilikwisha kupigwa. Powell alipoona matone yale, akalitupa.