Blowa ya majani: angalia uwanja wako kwanza, boksi baadae

Swali naloulizwa sana na watu wenye nyumba za uwanja mkubwa, na hata mameneja wa hoteli za huku pwani, ni "fundi nichukue blowa gani?", yaani mashine ya kupulizia majani, halafu nikiuliza kwako chini kuna nini, pevingi au mchanga, mtu anashangaa kama nimemuuliza jina la bibi yake. Jibu lote liko hapo lakini. Mi natengeneza hizi mashine za bustani, brashkata, chensoo, mashine za kukatia nyasi na hizi blowa, kwahiyo naziona zikija mezani zimekufa, na nyingi zimekufa kwasababu zilinunuliwa kwa kazi ambayo sio yake au zilipewa mtu ambae hajaelekezwa.

Tuanze na mchanga. Kama uwanja wako ni mchanga mtupu kama nyumba nyingi za Kigamboni na Bagamoyo, usinunue blowa, kaa na fagio lako la chelewa. Nasema hivo na mimi ndo nanufaika ukinunua. Upepo unaotosha kusukuma jani la muembe unatosha pia kubeba mchanga laini, kwahiyo unachofanya ni kuhamisha uwanja wako na kuupeleka barazani, kwenye madirisha, kwenye nguo zilizoanikwa, na majani yenyewe yanabaki yamefukiwa nusu. Blowa inaonyesha umuhimu wake kwenye pevingi, zege, lami, nyasi na kokoto. Kokoto hasa, maana fagio linazoa kokoto pamoja na majani na reki inazichimbua, ila blowa ukiishika moto mdogo, yaani mzunguko mdogo, mdomo umeulaza kidogo, majani yanaondoka kokoto zinabaki palepale.

Baada ya chini, angalia juu. Mkungu unaangusha majani makubwa mekundu, mingi mara mbili kwa mwaka, yakikauka yanajikunja yanakuwa mepesi na hata blowa ndogo inayakimbiza, ila yakilowa yanalala bapa kwenye pevingi na kung'ang'ania. Muembe jani lake zito lakini linateleza vizuri. Mwarobaini ndo msumbufu, vijani vidogo vinaingia kwenye mistari katikati ya bloku na hapo unahitaji upepo mkali wa mdomo mwembamba. Mvinje kule beach ni kesi nyingine kabisa, zile sindano zake zinashikana zinakuwa kama zulia, unapuliza kona moja inainuka nyingine imelala, pale bora upitishe reki kwanza ndo blowa imalizie. Kwahiyo mtu mwenye mikungu miwili kwenye pevingi na mtu mwenye mivinje ishirini hawawezi kununua mashine moja, hata kama bajeti zao zinalingana.

Sasa twende kwenye boksi, maana hapa ndo watu wanapigwa. Kwenye boksi utakuta namba mbili kubwa. Moja ni kasi ya upepo, inaandikwa kwa maili au kilometa kwa saa, au mita kwa sekunde. Nyingine ni kiasi cha hewa inayotoka, wanaandika CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, au mita za ujazo kwa saa au kwa dakika. Muuzaji atakuonyesha ile ya kasi kwasababu inasikika kishujaa, "bosi hii inatoa kilometa 300 kwa saa". Sawa, lakini kasi ni rahisi sana kuipandisha, unabana tu mdomo wa bomba. Upepo mkali wa tundu dogo unachomoa jani lililokwama, ila ukisogea mita mbili tatu hauna kitu tena, umeshatawanyika. Kinachosukuma lundo la majani kutoka ukuta mmoja hadi mwingine ni wingi wa hewa. Kasi inaling'oa jani, wingi unalisafirisha, unahitaji vyote viwili.

Kuna ujanja mwingine pia, makampuni mengi yanapima kasi wakiwa wamefunga mdomo mwembamba, halafu wingi wa hewa wanapima wameutoa huo mdomo, kwahiyo zile namba mbili unazoziona pamoja kwenye boksi hutazipata kwa wakati mmoja hata siku moja. Ndo maana mi nawaambia watu watafute namba ya tatu, nguvu ya msukumo kwa nyutoni, inaandikwa N. Hiyo inapimwa kwa kuangalia upepo unasukuma kwa nguvu kiasi gani, kasi na wingi vikiwa pamoja, na ni ngumu kuichezea. Blowa ya mkononi inayojiweza inakaa kati ya nyutoni 12 na 20 hivi, zile za kubeba mgongoni zinaanzia ishirini na kitu na kubwa kabisa zinafika 40 na zaidi. Boksi lisilo na nyutoni sio lazima liwe la kitapeli, ila linganisha CFM kwa CFM, usichanganye. Mita moja ya ujazo kwa dakika ni CFM 35, na ni sawa na mita 60 kwa saa, kwahiyo ukiona kiblowa kimeandikwa 4 kwa dakika hicho ni CFM 140 tu, ni cha kupulizia vumbi kwenye kompyuta na karakana, wakati Husqvarna 125B ya mkononi yenye injini ya cc 28 inatajwa kwa CFM 425. Hivi vyote vinaitwa blowa na vyote vipo Kariakoo.

Walioko Arusha na Nairobi waongeze na hili: hewa ya huko juu ni nyepesi, Nairobi iko karibu asilimia 15 chini ya hewa ya Dar kwa uzito. Injini inapungukiwa pumzi na feni nayo inarusha hewa nyepesi, kwahiyo mashine ileile iliyokuridhisha kwa shemeji yako Mikocheni ukiipeleka Nairobi itaonekana mvivu. Ya petroli ikitoka pwani kupanda juu inatakiwa kabureta irekebishwe pia, la sivyo inakunywa mafuta mengi na kutoa moshi.

Petroli au betri? Hapa swali la kwanza ni nani ataishika, mambo ya mazingira yatakuja yenyewe. Blowa nyingi za petroli ni tustroki, hazina sehemu ya kuweka oili peke yake, oili inachanganywa ndani ya petroli. Kipimo cha kawaida ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili ya tustroki kwa kila lita, lita tano unaweka mililita 100. Nyingine, hasa za Kichina za bei ya chini, kitabu chake kinasema 25 kwa 1, hapo unazidisha mara mbili. Sasa kijana wa bustani amezoea jenereta na bodaboda, vile vitu ni fostroki, petroli inaingia kavu, kwahiyo siku kidumu cha mchanganyiko kimeisha anaenda sheli anarudi na petroli kavu anaijaza, mashine inawaka vizuri kabisa, tena inalia kwa raha, halafu baada ya muda mfupi inanoki. Ikija kwangu sihitaji hata kuifungua yote, natoa mafla, nachungulia kwa tochi kwenye tundu la ekzosi nikiwa navuta kamba polepole, pistoni inapopita naona mikwaruzo ya wima kama imekwanguliwa na msasa. Hapo ni silinda na pistoni mpya, na kwa mashine za bei ya chini gharama inakaribia kununua nyingine. Dawa yake ni ndogo tu, kidumu cha blowa kiwe na rangi yake, kiandikwe, na mchanganyiko aufanye mtu mmoja.

Wengine wanaogopa hiyo wanazidisha oili. Haiui haraka, ila inajaza masizi kwenye kile kichujio kidogo cha wavu kwenye mafla, mashine inawaka lakini haipandi mzunguko, mtu anabadilisha plagi, anabadilisha kabureta, kumbe ni kawavu kadogo kameziba. Na mchanganyiko ukikaa zaidi ya mwezi umwage, petroli inachakaa na vile vingozi vya ndani ya kabureta vinakakamaa, ndo zile "fundi niliiacha tu stoo haiwaki".

Betri zimepiga hatua kubwa na sababu mojawapo ni California kule Marekani, walipitisha sheria 2021 ya kuondoa mashine mpya za bustani zenye injini ndogo za petroli, na inahusu nyingi ya zile zinazotengenezwa kuanzia 2024, kwahiyo makampuni makubwa yalilazimika kuwekeza. Mamlaka yao ya hewa inasema saa moja ya blowa ya petroli ya kibiashara inatoa uchafu wa kutengeneza moshi-ukungu sawa na Toyota Camry ya 2017 ikienda maili 1,100, ambayo ni kilometa 1,770 hivi, weka Dar hadi Mbeya kwenda na kurudi. Kwa nyumba ya kawaida ya mjini mi siku hizi nashauri betri. Hamna kuchanganya, hamna kabureta, kelele ni pungufu.

Ila betri ndo kuna uongo mwingi kuliko petroli. Zile pakiti zimeandikwa 48V, 88V, 98VF na madoido mengine, ukifungua ndani kuna seli tano zimeungwa mfululizo, kila moja volti 3.6, jumla 18. Ikijaa inafika 21, ndo maana wakweli kidogo wanaandika 21V. Kitu unachotaka kujua ni wati-saa: zidisha volti halisi kwa Ah, yaani ampea-saa, ile namba ya ujazo wa betri iliyoandikwa kwenye pakiti. Volti 18 mara Ah 4 ni 72. Blowa ikivuta wati 500 moto wote hiyo pakiti inaisha chini ya dakika tisa, hujamaliza hata upande wa geti. Ya volti 36 na Ah 5 ni wati-saa 180, hiyo unaanza kuongea. Na ile kitufe cha turbo usiitumie kama gia ya kutembelea, ukipandisha upepo kidogo tu matumizi ya umeme yanapanda mara nyingi zaidi, kwahiyo fanya kazi kwenye moto wa kati na turbo uiache kwa yale majani yaliyolowa. Kama huna mizani ya kupima ukweli wa betri, ishike mkononi: seli moja ya kawaida ni gramu 45 hadi 50, sasa pakiti inayodai Ah kubwa halafu nyepesi kama rimoti ya tivii, jiongeze.

Za waya sina mengi. Zina nguvu, bei nafuu, nzuri kwa kibaraza na uwanja mdogo. Tatizo ni ekstensheni, watu wanaunga waya mwembamba mita 50 kwa mashine ya wati 2,500, umeme unashuka njiani, waya unachemka. Weka waya wa milimita za mraba 2.5 na usiuache umekunjwa kwenye roli yake wakati unatumia. Na zile zinazofyonza na kusaga majani, kama una mkungu achana nazo, kokwa moja ya kungu ikiingia kwenye feni ya plastiki biashara imeisha.

Mgongoni au mkononi? Ya mkononi ya petroli ina kilo nne na kitu, sio nyingi mpaka uishike saa nzima kwa mkono mmoja. Hoteli, shule, makanisa na viwanja vya gofu wachukue ya mgongoni, mfano Stihl BR 600 ina cc 64.8 na uzito wake unakaribia kilo 10 lakini unakaa mabegani na kiunoni. Nyumbani kwako hiyo ni kujitesa na kuwatesa majirani. Kelele za masikioni kwa anaeshika zinavuka desibeli 95 kirahisi, na mpaka unaoshauriwa na wataalamu wa afya kazini ni 85 kwa masaa nane, kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwahiyo kwenye 94 una saa moja tu. Mnunulie kijana vizuia sauti vya masikio, miwani na barakoa, usimwachie pamba ya masikio.

Muda mzuri ni saa tatu saa nne asubuhi, umande umeshakauka, majirani wameamka. Kama kuna vumbi nyunyiza maji kidogo sana, yakizidi majani yanaganda. Na tafadhali usipulizie kwenye mtaro, masika ikija yale majani ndo yanakurudishia maji getini. Rundika chini ya migomba yaoze.

Ukienda kununua, hata kama ni mtumba wa Ulaya, usikubali kuonyeshwa boksi. Iwashwe, ishike kama utakavyofanya kazi, ipe moto wote: kama inakupindisha kiganja upande mmoja, mdomo wake haujalingana na mshikio na utaumia kila siku. Ya petroli ya mtumba kabla haijawashwa ishike kwa mpini wa kamba ya kuvutia tu, uiache ining'inie ikiwa ya baridi. Ikishuka taratibu kwa kusitasita kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, ipo, ikiporomoka moja kwa moja mpaka chini ringi zimekwisha, mrudishie mwenyewe. Halafu muulize kama ana eya klina, plagi na kabureta ya hiyo modeli hapo dukani, akuonyeshe kwa macho, maana "tutakuagizia" inaweza kuchukua msimu mzima wa majani.