Je, Nishati Giza Inadhoofika? Namna ya Kupokea Matokeo Yanayotangazwa Mkutanoni

Tarehe 19 Machi 2025, katika mkutano mkuu wa Chama cha Wanafizikia cha Marekani uliofanyika Anaheim, California, watafiti wa mradi wa DESI walitangaza matokeo ya miaka mitatu ya kwanza ya kuchora ramani ya galaksi. Muda si mrefu habari zikaenea kwamba nishati giza, ambayo ndiyo inayodhaniwa kuufanya ulimwengu utanuke kwa kasi inayozidi kuongezeka, imegunduliwa kuwa inadhoofika. Watafiti wenyewe hawakufika huko. Walichosema ni kwamba ziko dalili, ambazo nguvu yake waliitaja kwa tarakimu, kwamba huenda nishati hiyo imekuwa ikibadilika kadiri ya umri wa ulimwengu. Kauli hizo mbili zinafanana kwa sikio la haraka, lakini kwa mwanasayansi ziko mbali sana, na msomaji anayetaka kufuatilia astronomia hana budi kujua umbali huo unapimwaje.

Kwanza historia kidogo. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti waliokuwa wakipima mwanga wa nyota zinazolipuka, yaani supanova, yalikuta kwamba mtanuko wa ulimwengu hauzidi kupungua kasi kama ilivyotarajiwa, bali unaongezeka. Ugunduzi huo uliwapatia Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2011. Chanzo cha kasi hiyo kikaitwa nishati giza, na kwa hesabu za sasa ni karibu asilimia 70 ya vyote vilivyomo ulimwenguni, ingawa asili yake haijulikani. Maelezo mepesi kuliko yote ni ya kuichukulia kuwa namba isiyobadilika, ile ambayo Albert Einstein aliiingiza katika milinganyo yake mwaka 1917: nafasi inatanuka, lakini kiasi cha nishati hiyo katika kila kipande cha nafasi kinabaki kilekile daima. Kielelezo cha ulimwengu kinachotumika leo kimejengwa juu ya dhana hiyo, na ndiyo maana dokezo lolote la kuitilia shaka huwashtua watu.

Chombo cha DESI kimefungwa kwenye darubini ya Mayall, yenye kioo cha kipenyo cha mita 4, katika kilele cha Kitt Peak, Arizona. Kina nyuzi 5,000 za kupitisha mwanga, na kila uzi husogezwa na roboti yake ndogo hadi uelekee galaksi moja iliyochaguliwa. Mwanga unaoingia hutawanywa katika rangi zake, na kutokana na jinsi rangi hizo zilivyosogea kuelekea wekundu hujulikana ni kwa kiasi gani ulimwengu umetanuka tangu mwanga huo uanze safari. Matokeo yaliyotangazwa Anaheim yalitokana na galaksi na kwasa (vitovu vya galaksi za mbali vinavyong'aa mno) zinazokaribia milioni 15.

Ramani hiyo ina alama moja ya thamani kubwa. Katika miaka 380,000 ya mwanzo, ulimwengu ulikuwa gesi yenye joto kali ambamo mawimbi ya sauti yalisafiri. Gesi ilipopoa kiasi cha kuuachia mwanga uende zake, mawimbi hayo yaligota, na mahali yalipoishia maada ikawa imekusanyika zaidi kidogo kuliko kwingineko. Hadi leo galaksi mbili zina uwezekano mkubwa kidogo wa kutenganishwa na umbali wa miaka ya nuru kama milioni 500 kuliko umbali mwingine unaokaribiana na huo. Umbali huo hutumika kama rula. Ukiupima katika enzi mbalimbali, kurudi nyuma hadi miaka bilioni 11, unapata kumbukumbu ya jinsi mtanuko ulivyokwenda, na mwenendo wa nishati giza umefichwa humo.

Sasa tuje kwenye kilichotangazwa. Vipimo vya DESI peke yake havipingani na nishati giza isiyobadilika. Jambo hili hupotea kila habari inapofupishwa, nami naona ndilo lingepaswa kuandikwa kwanza. Dalili ya mabadiliko hujitokeza pale vipimo hivyo vinapounganishwa na vya mnururisho wa kale wa ulimwengu, yaani ule mwanga ulioachiwa gesi ilipopoa, na vya supanova, na nguvu yake hutegemea ni orodha ipi ya supanova iliyotumika: orodha moja hutoa sigma 2.8, nyingine 3.8, na ya tatu 4.2. Sigma ni kipimo cha ugumu wa tokeo kujitokeza kwa bahati tu. Tokeo la sigma 3 lingetokea kwa bahati kama mara tatu katika majaribio elfu moja. La sigma 5, ambalo wanafizikia wamezoea kulidai kabla ya kutamka kuwa wamegundua kitu, lingetokea chini ya mara moja katika milioni. Hata hivyo sigma huhesabu bahati pekee. Haihesabu kasoro ya kifaa wala dhana mbovu iliyojificha ndani ya hesabu, na orodha tatu zinapotoa majibu matatu ni halali kuuliza kama tatizo haliko kwenye orodha zenyewe.

Mkutano wa kisayansi ni mahali pa kuulizia maswali ya namna hiyo. Anayetaka kuzungumza huwasilisha ikisiri miezi kadhaa kabla, na kamati huipitia kwa wepesi kuliko uhakiki wa jarida, kwa hiyo kukubaliwa kuzungumza si uthibitisho wa ukweli wa jambo. Ubora wa taarifa hupimwa kwa yale yanayoambatana nayo. Watafiti wa DESI walikuwa wamejifunga macho wenyewe, kwa maana ya kuyaficha majibu halisi hadi mbinu za uchambuzi zilipokamilika, ili matarajio yao yasipindishe hesabu. Tena siku ya kutangaza waliziweka makala zao hadharani kwenye arXiv, hifadhi ya makala za kisayansi mtandaoni, ili yeyote azichambue.

Kwamba ukaguzi huo si wa kupendezesha tu kulionekana Januari 1992, katika mkutano wa Chama cha Wanaastronomia cha Marekani huko Atlanta. Miezi michache kabla yake, Andrew Lyne na wenzake wa kituo cha astronomia cha Jodrell Bank nchini Uingereza walikuwa wametangaza sayari inayoizunguka pulsa moja, yaani nyota iliyokufa inayozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya redio, kila baada ya miezi sita. Lyne alisimama mbele ya ukumbi akaeleza kwamba sayari hiyo haikuwepo: mwendo wa Dunia kulizunguka Jua haukuwa umesahihishwa ipasavyo, na kosa hilo ndilo lililozaa mzunguko wa nusu mwaka. Wasikilizaji waliinuka wakampigia makofi. Katika mkutano huohuo Aleksander Wolszczan alieleza sayari za pulsa nyingine, zilizopatikana kwa darubini ya Arecibo, Puerto Rico, na hizo zimethibitika mpaka leo. Kwa aliyekuwa nje ya ukumbi, madai yote mawili yalikuwa na sura moja.

Dai la nishati giza nalo limekwisha kuguswa. Baadaye katika mwaka huo wa 2025, watafiti wa DES, mradi mwingine tofauti na DESI, ambao orodha yao ya supanova ndiyo iliyotoa sigma 4.2, walirekebisha upya ulinganishaji wa mwangaza wa nyota hizo, na dalili ikashuka hadi sigma 3.2. Haikufutika, wala haikukaribia tano. Ugumu mmoja ni kwamba supanova zilizo karibu na zile za mbali zimekusanywa kwa darubini tofauti, na tofauti ndogo sana ya vipimo baina ya darubini hizo yaweza kuonekana kama mabadiliko ya nishati giza. Kituo cha Vera C. Rubin nchini Chile, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025, kitazipima za karibu na za mbali kwa kamera moja, huku darubini ya Euclid iliyorushwa na Ulaya Julai 2023 ikichora ramani yake ya galaksi kutoka angani, na DESI ikiendelea kuikuza ya kwake.