Kwa Nini Taifa Moja Linanenepa na Jingine Halinenepi: Somo kwa Nyanda za Juu Kusini

Mama anaingia kliniki na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Mtoto akipimwa urefu anaonekana amedumaa. Mama naye akipanda kwenye mizani anasoma kilo 84, na urefu wake ni mita 1.56. Ukichukua urefu huo ukauzidisha kwa wenyewe, kisha ukagawa kilo zake kwa jibu ulilopata, unapata zaidi ya 34. Kuanzia 25 tunasema uzito umezidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo, yaani unene uliopita kiasi. Watu hawa wawili wanapakuliwa kutoka sufuria moja, hapa hapa Mbeya, na familia za namna hii hatuzioni mara moja moja.

Ukimweleza mama, mara nyingi atasema, "Sisi kwetu ndivyo tulivyo, ni damu." Wengine huongeza: mbona Wajapani ni wembamba, si wameumbwa hivyo? Swali hilo ni zuri na linastahili jibu la kina. Japani ina mtu mzima mmoja hivi kati ya ishirini mwenye kiribatumbo. Marekani ni wanne kati ya kumi. Katika visiwa vya Pasifiki kama Nauru na Tonga ni zaidi ya sita kati ya kumi.

Damu ina sehemu yake, sikatai. Lakini tazama Wapima. Ni kabila moja lililogawanyika: wengine wako Arizona, Marekani, wengine milimani Mexico katika kijiji cha Maycoba. Wale wa Arizona walikuwa wakulima wa kumwagilia kando ya Mto Gila. Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi wakachepusha maji huko juu, mashamba yakakauka, na baadaye watu wakaanza kuishi kwa mgawo wa serikali: unga mweupe wa ngano, sukari, mafuta ya nguruwe. Ndugu zao wa Mexico waliendelea na mahindi, maharage, viazi na jembe la mkono. Watafiti walipowapima wote, kisukari cha ukubwani kiliwakuta watu wazima 38 kati ya kila 100 upande wa Arizona. Upande wa Mexico hawakufika 7. Babu zao ni wamoja, tofauti ni kilichoingia chunguni na kazi ya kila siku.

Okinawa inafundisha hilo hilo, na kwetu sisi tunaolima viazi vitamu inagusa zaidi. Mwaka 1949 wakazi wa visiwa hivyo vya kusini mwa Japani walikuwa wakipata zaidi ya nusu ya nguvu ya mwili kutoka viazi vitamu, pamoja na mboga za majani, maharage ya soya na samaki kidogo. Walisifika dunia nzima kwa kuishi miaka mingi. Lakini kuanzia 1945 hadi 1972 Okinawa ilitawaliwa na Marekani, kambi za jeshi zikajaa, zikafuata nyama za kopo na vyakula vya kukaanga. Takwimu za mwaka 2000 zilipotoka, wanaume wa Okinawa walikuwa wameporomoka hadi nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kwa umri wa kuishi. Leo mkoa huo ni miongoni mwa yenye watu wanene zaidi nchini humo. Wajapani ni wale wale. Chakula ndicho kilichobadilika, tena ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Je, si kwamba watu wameacha kufanya kazi? Jibu moja lilitoka hapa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima nguvu ambayo Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wanaitumia kwa siku, watu wanaotembea mwendo mrefu kutafuta asali, mizizi na nyama. Ukilinganisha kwa ukubwa wa miili, walikuwa wanatumia karibu sawa na mtu wa mjini Ulaya au Marekani. Kutembea kunalinda moyo na mishipa, na kila siku nawahimiza watu watembee. Ila mtu asidhani atamaliza chipsi mayai na soda kisha ayafute kwa kupanda mlima Loleza. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliwaweka watu 20 mahali pamoja, wakawaruhusu wale kadiri wapendavyo. Kwa wiki mbili walizopewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku kuliko wiki mbili za vyakula visivyosindikwa, na kuongezeka karibu kilo moja. Hakuna aliyewalazimisha. Chakula cha aina hiyo kinalika haraka, na shibe inachelewa kufika.

Sasa turudi nyumbani. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16, wanawake 28 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Mwaka 2022 wakawa 36. Utafiti huo huo wa 2022 ulikuta udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 30 kitaifa. Iringa asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu nusu ya watoto. Mikoa inayolisha taifa! Inauma kuandika hivyo, kwa sababu ukipita soko la Mwanjelwa hapa Mbeya asubuhi huoni upungufu: ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela, viazi vya Uporoto, maharage ya kila rangi, parachichi.

Mambo haya mawili ni pande mbili za utapiamlo mmoja. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini vinatoka, navyo ndivyo vyenye nyuzinyuzi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini. Pumba tunawapa nguruwe na kuku, sisi tunabaki na sembe. Mtoto anapewa uji wa sembe mtupu, anashiba asikue. Mama anapewa mlima wa ugali huo huo na mboga kiduchu, na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Tena mtoto aliyepungukiwa katika siku zake 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, akikutana ukubwani na wanga na mafuta tele, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kisukari na shinikizo la damu.

Na kuna macho ya watu. Kwetu mwanamke akinenepa baada ya kuolewa husemwa ametunzwa. Akikonda, mume ananyooshewa kidole. Mzee mwenye kitambi anapishwa kiti. Katika nchi tajiri mambo yamegeuka: wanene zaidi mara nyingi ni maskini, kwa kuwa chakula cha kiwandani ndicho cha bei nafuu. Sisi bado hatujafika huko, lakini chupa ya soda tayari inapatikana vijijini kwa urahisi kuliko maziwa, nayo ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai karibu tisa. Mexico ilianza kutoza peso moja kwa kila lita ya vinywaji vya sukari Januari 2014, na mwaka huo manunuzi yake yakapungua kwa wastani wa asilimia 6. Japani ina sheria ya chakula cha shule tangu 1954. Watoto wanapakuliana wenyewe, wanakula darasani pamoja na mwalimu, na kujifunza kilichomo sahanini ni sehemu ya masomo. Mambo haya mtu mmoja hawezi kuyafanya jikoni kwake. Halmashauri na kamati za shule zinaweza kuanza, hata kwa maharage na mboga za bustani ya shule.

Yule mama tulikubaliana naye machache. Ahamie unga wa dona, kwa sharti kwamba mahindi yamekaushwa vizuri na yaliyovunda yamechambuliwa, maana sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Nusu ya sahani yake iwe mboga. Soda ibaki ya sherehe. Kwa mtoto, yai, dagaa waliosagwa au maharage yaliyopondwa kila siku, na parachichi ndani ya uji. Mti anao nyuma ya nyumba, matunda yote alikuwa akimuuzia mchuuzi. Mwezi ujao tutawapima tena wote wawili.